Je, ni redio iliyomtoa Janet Kay?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Mwanza, naimba rege ya mapenzi, ile wanayoiita lovers rock. Wimbo wa Janet Kay, "Silly Games", nimeusikia redioni tangu nikiwa mdogo na ndio ulionivuta kwenye uimbaji. Prodyuza wangu anasema Janet alibebwa na redio kubwa, na kwamba bila redio kubwa hakuna msanii anayetoka, kwa hiyo nitafute kwanza hela ya kusukuma wimbo. Mjomba wangu, ambaye enzi zake alipiga disko, anasema redio haina lolote, wimbo mzuri hujiuza wenyewe. Nani yuko sahihi? Na mbona baada ya wimbo ule Janet hakusikika tena? Naomba pia unitajie nyimbo za kuanzia kusikiliza.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Prodyuza wako na mjomba wako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila wote wawili wanaizungumzia redio kana kwamba ni kitu kimoja. London ya miaka ya 1970 ilikuwa na redio za aina mbili zisizofanana hata kidogo. Kulikuwa na redio ya taifa ya mchana, yenye mamilioni ya wasikilizaji, na kulikuwa na vipindi vidogo vya rege, saa chache tu kwa wiki, kwenye vituo vya jiji. Hivyo vidogo ndivyo vilivyowajengea njia waimbaji kama Janet. Ile kubwa ilifika watu wakiwa wameshaununua wimbo, ikampandisha juu sana, halafu ikamwacha. Ukilielewa hilo, utajua pia hela yako uipeleke wapi na uiache wapi.

Janet Kay alizaliwa London mwaka 1958 katika familia ya Wajamaika, akakulia upande wa Willesden, kaskazini-magharibi mwa jiji. Mwaka 1977 alikuwa akiimba tu na rafiki zake kwenye chumba cha mazoezi, vijana wa bendi ya Aswad wakamsikia, wakampendekeza kwa Alton Ellis. Huyu Ellis alikuwa nguli wa muziki wa rocksteady kutoka Kingston aliyekuwa amehamia Uingereza. Akampeleka studio kurudia "Loving You" wa Minnie Riperton. Wanaoujua wimbo huo wanajua ni mtego: Riperton anapanda juu kabisa mahali ambapo waimbaji wengi sauti hupasuka. Janet alipanda, akakaa huko bila kukaza shingo. Santuri ile ikashika nafasi ya kwanza kwenye chati za rege za Uingereza.

Hapa lazima nifafanue, maana ndipo watu wengi wanapochanganya. Chati za rege hazikuwa chati ya taifa. Zilichapwa kwenye magazeti ya muziki wa watu weusi kama Black Echoes, zikitegemea maduka ya santuri za rege. Unaweza kuwa wa kwanza huko na mtangazaji wa redio ya taifa asiwe amewahi kulisikia jina lako. Janet alikuwa nyota katika mitaa kadhaa ya London na miji mingine michache, na nje ya hapo hakuna aliyemjua.

Tena kulikuwa na kikwazo kutoka nyumbani kwao wenyewe. Wanunuzi wa rege wa Uingereza, wengi wao watoto wa Wajamaika, waliamini rege halisi inatoka Jamaika peke yake. Iliyorekodiwa London waliiona ya kuigiza. Mtu angesimama dukani Ijumaa jioni akisubiri boksi jipya lililoshuka kutoka Kingston, na ile ya kijana wa mtaa wa pili asiitazame. Dennis Bovell, ambaye nitamrudia, alikuwa na bendi iitwayo Matumbi. Katikati ya miaka hiyo yeye na wenzake walitoa kazi zao kwa jina la 4th Street Orchestra, kwa sura ya santuri zilizoagizwa kutoka Jamaika, ili wanunuzi wazisikilize kwanza kabla ya kuhukumu. Walisikiliza, na walinunua. Kwangu mimi hilo latosha kuonyesha kwamba ubora haukuwa tatizo. Mjomba wako anaposema wimbo mzuri hujiuza, mwambie kwanza lazima mtu akubali kuusikiliza, na kumfikisha mtu hapo ni kazi nzima peke yake.

Waliofanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza walikuwa wenye saundi: mitambo ya spika kubwa kama makabati, inayobebwa kwenye gari la mizigo na kufungwa ukumbini au sebuleni mwa mtu. Weusi wengi walikataliwa kwenye kumbi za starehe za katikati ya jiji, basi wakawa wanakusanyika majumbani Jumamosi usiku, samani zimetolewa, kiingilio mlangoni, wali na mbuzi wa mchuzi jikoni, na muziki hadi alfajiri. Mwenye saundi alipeleka utepe wake kwa fundi akachongewa nakala moja ya sahani. Ilikuwa ya bati la alumini lililopakwa utomvu laini, na ikipigwa mara nyingi sindano huila na sauti ikafifia. Sahani hiyo ilimwezesha kupima wimbo kabla ya kutumia hela kwenye kiwanda. Watu wakiganda ukutani wawili wawili na kupiga kelele urudishwe, ameshapata jibu. Wakienda kununua soda, pia ameshapata jibu.

Lovers rock ilizaliwa ndani ya usiku huo. Mwaka 1975 binti wa shule, Louisa Mark, alirekodi "Caught You in a Lie" chini ya Lloyd Coxsone, mwenye saundi maarufu. Coxsone ndiye aliyekuwa akiendesha mashindano ya waimbaji kwenye klabu ya Four Aces, Dalston, na nyuma ya binti walipiga Matumbi. Wimbo ulifanya vizuri mno kiasi kwamba mtayarishaji Dennis Harris, mwenye studio Brockley, kusini mwa London, alianzisha lebo akaiita Lovers Rock, na jina la lebo likawa jina la muziki wenyewe. Bovell na mpiga gitaa John Kpiaye ndio waliokuwa injini ya studio hiyo. Besi ilikuwa ya Kijamaika, lakini uimbaji ulikuwa wa soul ya Chicago na Philadelphia, na mambo yaliyoimbwa yalikuwa ya binti wa London aliyedanganywa na kijana wa mtaani kwao. Mabinti walijisikia humo wenyewe. Ndio waliokuwa wakinunua.

Sasa tuje kwenye redio.

Kituo cha BBC Radio London kilianza mwaka 1970, na tangu miaka ile ya mwanzo kilikuwa na kipindi cha Jumapili kilichoitwa Reggae Time, akikiendesha Steve Barnard. Kilikuwa kimoja tu kwa wiki, kwenye kituo cha jiji. Lakini fikiria maana yake kwa mwenye duka la santuri wa Harlesden au Brixton. Jumapili wateja wake wote wanasikiliza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Jumatatu wanaingia dukani wakiimba kipande cha wimbo ambao jina lake hawalijui vizuri. Mwenye duka anampigia simu msambazaji, naye anazunguka na gari lake akigawa maboksi nyuma ya maduka. Bila kipindi kile, mwenye duka angebahatisha, na mtu anayebahatisha huagiza nakala chache. Redio ndogo ilimwondolea muuzaji woga, naye akaweka mzigo wa kutosha dukani.

Mwaka 1974 kituo hichohicho kilianzisha Black Londoners cha Alex Pascall, mzaliwa wa Grenada. Hiki nakipenda kwa namna ya pekee. Hakikuwa cha muziki peke yake. Kilikuwa cha habari, mahojiano na malalamiko ya mitaa, na mwaka 1978 kikawa cha kila siku, jambo ambalo redio ya Uingereza haikuwa imewahi kulifanya kwa ajili ya watu weusi. Mwimbaji wa mtaani aliyeitwa kwenye kipindi cha namna hiyo alipata nafasi ya kuzungumza, na mama yake akamsikia, na mchungaji wao akamsikia. Katika jamii ambayo wazazi wengi waliiona rege kuwa ya wahuni, hilo lilifungua milango ambayo santuri peke yake isingeifungua.

Halafu mwaka huohuo wa 1978 akaingia David Rodigan, Mzungu, mwigizaji kwa taaluma, aliyeipenda rege tangu ujana na kuijua kuliko wengi waliozaliwa nayo. Radio London ilimpa kipindi cha rege akipokezana na Tony Williams, na mwaka 1979 akahamia Capital Radio, kituo cha biashara cha jiji kilichofunguliwa 1973, akaendesha Roots Rockers Jumamosi usiku kwa zaidi ya miaka kumi. Watangazaji hawa hawakukaa studio kusubiri bahasha. Walikwenda kwenye maduka na kwenye saundi, wakaona watu wanacheza nini, wakakirudisha hewani. Ndiyo maana walisadikiwa.

Unaweza kuniuliza, na John Peel je? Ni kweli, Peel, mtangazaji wa Radio 1, ile redio ya taifa ya BBC, aliwasaidia sana Waingereza wa rege. Aliwaita Steel Pulse, Aswad na Misty in Roots studio wakarekodi nyimbo maalumu kwa kipindi chake cha usiku, na kwa bendi za namna hiyo ilikuwa tiketi ya kuingia vyuoni na kwenye matamasha ya wapenzi wa roki. Ila barabara ile ilikuwa ya rege ya harakati: Babiloni, Afrika, polisi. Waandishi wa magazeti ya roki nao walipenda hiyohiyo. Lovers rock waliiona nyepesi, mambo ya wasichana, hawakuiandikia. Nasema wazi kwamba hawakuitendea haki. Binti anayeimba kwamba amechoka kuchezewa moyo, katika mji unaomkataa mlangoni, anasema jambo zito kama anayeimba dhidi ya polisi. Matokeo yake, mwimbaji kama Janet alibaki na mlango mmoja tu wa redio, ule wa vipindi vya jamii yake.

Kwa nini Radio 1 ya mchana haikupiga rege kama muziki wa kawaida? Dharau ilikuwepo, lakini kulikuwa pia na taratibu za kazi ambazo prodyuza wako anapaswa kuzijua. Kwanza, BBC ilikuwa na mkataba na chama cha wanamuziki na kampuni za santuri uliowekea kikomo saa za kupiga santuri kwa siku, na kikomo hicho kiliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Nafasi zikiwa chache, zinakwenda kwa wale ambao tayari wako kwenye chati. Pili, chati ya taifa wakati huo ilikusanywa kutoka kwenye maduka mia kadhaa tu yaliyochaguliwa, yakijaza daftari la mauzo. Maduka madogo ya rege, yale ya nyuma ya saluni na kando ya soko, kwa kawaida hayakuwemo. Wimbo uliweza kuuza maelfu na maelfu Harlesden na Brixton za London, na Handsworth ya Birmingham, na daftari likabaki jeupe. Kwa hiyo redio ya mchana haikupigi kwa sababu hujaingia kwenye chati, na hufiki kwenye chati kwa sababu unakouzwa hakuhesabiwi.

Hapo ndipo "Silly Games" ilipopenya, na nataka uione ilivyotengenezwa, kwa sababu humo ndimo mjomba wako anapokuwa na hoja.

Dennis Bovell alizaliwa Barbados mwaka 1953, akafika London akiwa na miaka 12. Alikuwa mpiga gitaa, mpiga besi, fundi mitambo na mwenye saundi iliyoitwa Jah Sufferer. Mwaka 1974 polisi walivamia Carib Club, Cricklewood, saundi yake ikiwa inapiga; yeye akashtakiwa, akahukumiwa, akakaa gerezani miezi sita kabla ya rufaa kumtoa. Huyu ndiye mtu aliyetoka humo akaandika nyimbo za mapenzi zilizo laini kuliko zote za zama zile. Amesimulia kwamba aliona tangazo la televisheni la kanda za Memorex, ambamo sauti ya Ella Fitzgerald inapasua glasi, akawaza kuandika wimbo wenye noti moja ya juu ambayo kila mwanamke ukumbini angejaribu kuifikia. Noti ile ilimhitaji mwimbaji, na aliyekwisha kuimba "Loving You" alikuwa palepale London.

Usikilize tena leo usiku, ukivaa hedifoni. Ngoma zinapigwa na Angus Gaye, Drummie Zeb wa Aswad, kijana wa miaka kama ishirini hivi wakati ule. Bovell alitaka mdundo ambao mtu angeutambua kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa, na ndivyo ulivyo: matoazi yanatapatapa mepesi juu, teke la ngoma kubwa limeshikilia chini, na katikati kuna uwazi. Besi haijazi uwazi huo, inauacha. Janet anaanza chini, karibu na sauti ya kuongea, kama anayemnong'oneza mtu aliye naye uso kwa uso. Kisha kiitikio, na kwenye neno lake la mwisho sauti inapaa kule juu. Haikazwi wala haitetemeshwi. Inaachiliwa tu, kama kishada kilichopata upepo. Bovell aliijua sebule ya Jumamosi usiku, alijua mahali ambapo wasichana wangeinua vichwa kuimba naye. Aliuandika wimbo kwa ajili ya mahali aliposimama kila wiki na saundi yake.

Ulitoka mwaka 1979 kwenye lebo ndogo ya Arawak. Kwenye saundi ukashika, maduka ya rege yakauza, vipindi vya rege navyo vilikuwa sasa na nguvu kuliko wakati mwingine wowote. Kisha likafanyika jambo la kibiashara ambalo halina mvuto wa kusimulia lakini ndilo lililoamua: ukachukuliwa na lebo ya Scope iliyokuwa na usambazaji wa kampuni kubwa, ukaingia kwenye maduka ya kawaida ya mjini, yale yanayojaza daftari. Mara daftari likaanza kuandika kile ambacho mitaa ilikuwa ikikijua. Wimbo ukaingia kwenye chati ya taifa mwezi Juni, Radio 1 ikawa haina budi kuupiga, Janet akapelekwa kwenye televisheni, kipindi cha Top of the Pops, na kufikia Julai alikuwa namba 2 Uingereza nzima. Hajawahi kutokea kabla yake mwanamke mweusi mzaliwa wa Uingereza kufika hapo kwa wimbo wa rege.

Kwa hiyo uone mpangilio ulivyokuwa: saundi, kipindi cha wiki, duka la mtaa, msambazaji mkubwa, chati, na ndipo redio ya taifa. Prodyuza wako anataka uanzie mwisho.

Ulichouliza kuhusu kupotea kwake kinaniuma kidogo, maana wengi husema hivyo na si kweli. Kilichotoweka ni masikio ya redio ya mchana. Albamu yake, Capricorn Woman, ilipendwa na wapenzi wa lovers rock, lakini nyimbo zilizofuata hazikuingia chati ya taifa, na redio ya mchana humfuata aliye kwenye chati leo. Wasanii weupe wa pop waliofika namba 2 mwaka ule walikuwa na kampuni zilizokwisha kupanga wimbo wa pili, wa tatu, picha za magazetini na ziara. Waimbaji wa lovers rock kwa kawaida walilipwa kwa wimbo mmoja mmoja na lebo za watu wachache, bila meneja wala mpango. Louisa Mark, Jean Adebambo, Carroll Thompson: kila mmoja alikuwa na kipaji cha kujaza ukumbi wowote, na karibu wote hadithi ni hiyohiyo.

Janet hakukaa kusubiri simu. Aliingia kwenye uigizaji na kundi la Black Theatre Co-operative, na kuanzia 1983 hadi 1985 alikuwa Angel katika No Problem!, tamthilia ya vichekesho ya televisheni ya Channel 4 iliyohusu familia ya Kijamaika ya Willesden, kwao kabisa. Mwaka 1990 "Silly Games" ilirudi kwenye chati kwa toleo jipya alilolifanya na mwimbaji Lindy Layton. Miaka hiyo ya 1990 akasaini na Sony ya Japani, akapata huko wasikilizaji ambao London haikumpa, waliomfuata albamu kwa albamu na kumwita malkia wa lovers rock. Na mwaka 2020, mwongozaji Steve McQueen aliuweka wimbo wake katikati ya filamu aliyoiita Lovers Rock, iliyoonyeshwa BBC: santuri inazimwa, na watu waliojaa sebuleni wanaendelea kuuimba wenyewe kwa dakika kadhaa, na Bovell mwenyewe yumo kati yao. Vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1979 wakaanza kuutafuta.

Tena waliomweka hai kati ya 1980 na hapo walikuwa walewale wa vipindi vidogo. Rodigan aliendelea kila Jumamosi. Wakazuka pia watangazaji wasio na leseni. Maarufu zaidi walikuwa Dread Broadcasting Corporation, kituo haramia cha Leroy Anderson, aliyejiita Lepke, kilichorusha rege kaskazini-magharibi mwa London mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wakipandisha mtambo juu ya majengo na serikali ikiukamata. Dada yake, Ranking Miss P, alianzia hapo, na mwaka 1985 BBC Radio 1 ikampa kipindi chake cha rege. Ilichukua zaidi ya miaka 15 tangu Radio 1 ianze hadi mwanamke mweusi kuketi kwenye kiti hicho, naye alitoka kwenye redio ambayo serikali hiyohiyo ilikuwa ikiizima.

Sasa wewe, mwanangu. Hela unayoambiwa uitafute kwa ajili ya redio kubwa, usiitoe. Wimbo uliolipiwa unapigwa hadi siku hela inapoisha, na mtangazaji aliyelipwa hana sababu ya kukukumbuka mwezi ujao. Chukua sehemu ndogo ya hela hiyo umalizie wimbo vizuri, hasa besi na ngoma, maana rege isiyo na chini haina cha kuokoa juu. Upige kwanza mahali ambapo watu wanacheza, sherehe za mtaani, baa ya ufukweni, popote penye spika nzuri na watu wasiokuwa ndugu zako. Angalia miguu yao wala usiwaulize maoni, kwa sababu watakudanganya kwa upole. Kisha mtafute mtangazaji mmoja wa kipindi cha rege cha wiki, kuna vituo vingi Tanzania na Kenya vyenye kipindi cha namna hiyo, awe Mwanza, Arusha, Mombasa au Nairobi. Msikilize wiki kadhaa kabla ya kumwendea, ujue anapenda nini. Mpelekee wimbo mmoja, sio albamu nzima, pamoja na toleo la ala tupu, kwa sababu mtangazaji wa rege akipata ala tupu ataongea juu yake, atakutaja, ataurudia. Na siku atakapoupiga, uwe tayari umeshauweka mahali ambapo msikilizaji ataupata usiku huohuo. Kile kilichokuwa duka la Harlesden leo kiko kwenye simu, lakini kanuni ni ileile: anayekusikia leo asipokupata kesho, umempoteza.

Andikisha wimbo wako kabla haujarushwa, jina la mtunzi na la mwimbaji yote mawili, ili mirabaha ikija ijue iende wapi. Na makubaliano yako na prodyuza yaandikwe: nani ametunga, nani anamiliki rekodi, nani anapata nini wimbo ukipigwa. Msikosane. Mwambie tu kwamba mwalimu amesema karatasi inalinda urafiki wenu.

Nyimbo za kuanzia: Louisa Mark, "Caught You in a Lie", 1975, usikie mlango ulivyofunguliwa. Kundi la Brown Sugar, "I'm in Love with a Dreadlocks", 1977, na umsikilize humo Caron Wheeler, ambaye miaka 12 baadaye aliitikisa dunia akiwa na kundi la Soul II Soul. Janet mwenyewe kwenye "Loving You", kisha "Silly Games" toleo la santuri ya inchi 12, ambamo uimbaji unaisha na Bovell anabaki anacheza na mwangwi. Malizia na Carroll Thompson, "Hopelessly in Love", 1981. Kwa Janet, fanya zoezi hili: imba naye ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini kama yake, usikimbilie noti ya juu. Wanafunzi wengi huanza juu mapema mno na wakifika kwenye kiitikio hawana pa kupandia. Ukisharekodi wa kwako, nitumie toleo la uimbaji na la ala tupu, nitausikiliza na kukujibu.